Fedha za Skuli na Hesabu Zake: Funzo Kutoka Wilaya ya Ikungi

Fedha za skuli za umma huandikwa mahali pawili. Kwanza huandikwa katika vitabu vya Hazina siku zinapotolewa, na pili katika daftari la fedha la skuli siku zinapopokelewa. Taifa linapotaka kujua limetumia kiasi gani kuwasomesha watoto wake, aghalabu huchukua hesabu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na hupatikana kwa wepesi. Hesabu ya pili imetawanyika katika maelfu ya makabati na masanduku ya walimu wakuu, na kuikusanya ni kazi ya miguu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hesabu hizo mbili hutofautiana na namna ya kuzikutanisha. Aidha yataonyesha kwamba ipo hesabu ya tatu, ya vile wananchi wanavyovitoa wenyewe, ambayo mara nyingi haiandikwi popote.

Mfano uliochaguliwa ni Wilaya ya Ikungi katika Mkoa wa Singida, Tanzania Bara. Wasomaji wengi wa Visiwani huenda wameipita kwa basi tu, kwani mji wa Ikungi uko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma na Manyoni kuelekea Singida. Ni nchi kavu yenye mvua ya msimu mmoja, na wenyeji wake, wengi wao Wanyaturu, hulima mtama, uwele na alizeti na kufuga ng'ombe. Upande wa magharibi, kuelekea mbuga ya Wembere, ziko kata kama Mgungira zilizo mbali na lami. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, na kila upande una taratibu zake. Hata jina ni mbali, kwani kinachoitwa skuli huku huitwa shule huko. Hata hivyo, swali la fedha ni lile lile. Ikungi haikuchaguliwa kwa kuwa na sifa mbaya au njema kuliko nyingine. Ni wilaya ya kawaida, na takwimu za taifa hujengwa na wilaya za kawaida.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba wilaya yenyewe ni mpya. Ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini, na Sensa ya mwaka huo iliihesabu kuwa na watu 272,959. Mtu anayetaka kulinganisha matumizi ya elimu ya Ikungi ya mwaka 2005 na ya mwaka 2015 hatapata hesabu ya mwaka 2005 kwa jina hilo, kwani imo ndani ya Singida Vijijini. Asipokuwa mwangalifu, ataona matumizi ya Singida Vijijini "yameshuka" ghafla, akadhani skuli zimenyimwa fedha, kumbe zimehamia katika daftari jingine. Dawa yake ni kukusanya takwimu kwa skuli moja moja, kila skuli ikiwa na namba yake isiyobadilika, kisha kuzijumlisha kwa mipaka yoyote inayotakiwa. Mipaka ya wilaya huchorwa upya. Jengo la skuli hubaki pale pale.

RUZUKU NA SAFARI YAKE

Ada ya skuli za msingi Tanzania Bara ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kwa jina la MMEM. Wanafunzi wa skuli za msingi, waliokuwa wapatao milioni 4.4 mwaka 2000, walifikia kiasi cha milioni 7.5 mwaka 2005. Ili kuziba pengo la ada, iliwekwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kiasi ambacho wakati huo kilikaribiana na dola 10 za Marekani. Fedha hizo zilipita katika halmashauri kabla ya kufika skuli.

Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, Serikali ilitangaza elimumsingi bila malipo kuanzia Januari 2016, na ruzuku ikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za benki za skuli. Kiwango cha skuli za msingi kilibaki shilingi 10,000, ambapo shilingi 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikaenda skuli. Yafaa ikumbukwe kwamba shilingi 10,000 za mwaka 2016 hazikufikia hata dola 5. Tarakimu haikubadilika, lakini uwezo wake wa kununua chaki na karatasi ulikuwa umepungua sana. Takwimu inayotaja shilingi bila kutaja bei za mwaka husika haisemi ukweli wote.

Na tuchukue skuli ya kubuni, yenye wanafunzi 600, mahali fulani kati ya Ikungi mjini na Wembere. Ruzuku yake ni 600 mara 6,000, yaani shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 300,000 kwa mwezi. Tuseme Januari wanaandikishwa watoto zaidi na idadi inafika 690, lakini hesabu iliyoko juu bado ni ile ya mwaka uliopita. Fedha zitakazokuja ni zile zile 3,600,000, na kila mtoto atakuwa na shilingi 5,217 badala ya 6,000. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Hazina itasema imetoa kiasi kamili, na mwalimu mkuu atasema amepokea pungufu, na wote wawili watakuwa wakweli. Kwa hiyo kabla ya mtu kutamka neno ubadhirifu, hapana budi aulize kwanza: idadi ya wanafunzi iliyotumika ni ya tarehe ipi?

Hata hivyo, si kila upungufu hutokana na idadi. Uganda ndiko kulikopatikana ushahidi uliotikisa wataalamu wa fedha za umma. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika skuli za msingi 250 za serikali, katika wilaya 18. Wachunguzi hawakuishia katika vitabu vya wizara, bali walikwenda skuli na kusoma madaftari ya huko, wakayaweka mbele ya hesabu za juu. Ilidhihirika kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani, ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi yasiyo mishahara iliyofika skuli. Katika vitabu vya serikali kuu fedha zilikuwa zimetoka, na kwa hiyo takwimu za taifa zilionyesha kwamba skuli zinagharamiwa. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na skuli zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, sehemu iliyofika ilikuwa imepanda hadi kiasi cha asilimia 80. Baadhi ya wachambuzi wa baadaye walionya kwamba sifa yote isipewe magazeti, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mageuzi mengine makubwa katika fedha na elimu. Onyo hilo ni la haki. Linalobaki bila ubishi ni kwamba tatizo lisingejulikana kabisa kama hesabu ya chini isingekusanywa.

Tanzania Bara nayo ilifanya chunguzi za namna hiyo, zikiwamo za mwaka 1999, 2001, 2004 na 2010. Ugumu uliojitokeza mara kwa mara ni kumbukumbu: daftari halipo, au lipo lakini limechanganya fedha za vyanzo mbalimbali, au mwalimu mkuu amehama na stakabadhi hazijulikani zilipo. Walimu wakuu walisomea ualimu. Uhasibu umewajia kama mzigo wa ziada. Mwaka 2017 chini ya TAMISEMI ulizinduliwa mfumo wa kompyuta wa uhasibu na utoaji taarifa za fedha kwa vituo vya kutolea huduma, uliojulikana kwa kifupi kama FFARS, ukiwa na shabaha ya kuifanya kila skuli na kila zahanati ionekane peke yake katika hesabu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kompyuta hupokea kile kilichoandikwa kwanza kwenye karatasi, na karatasi isiyoandikwa haiwezi kuingizwa.

MAMBO YASIYOONEKANA KATIKA RUZUKU

Mazungumzo mengi juu ya fedha za skuli huishia katika ruzuku, ilhali ruzuku ni sehemu ndogo. Gharama kubwa ni mishahara ya walimu, nayo haipiti skuli kabisa. Hutoka serikalini na kuingia katika akaunti ya mwalimu. Kwa sababu hiyo daftari la skuli haliionyeshi, na takwimu za taifa huionyesha kwa jumla.

Turudi kwenye mfano wetu, na tuweke skuli mbili za kubuni zenye wanafunzi 600 kila moja. Moja iko kando ya lami na ina walimu 12. Ya pili iko mbali, haina nyumba za walimu, na ina walimu 5. Tukadirie kwamba mshahara wa wastani ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Skuli ya kwanza inatumia shilingi 100,800,000 kwa mwaka, yaani shilingi 168,000 kwa kila mtoto. Ya pili inatumia shilingi 42,000,000, yaani shilingi 70,000 kwa mtoto. Tofauti ni shilingi 98,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, zaidi ya mara 16 ya ruzuku ya shilingi 6,000 ambayo wote wawili wanapata sawasawa. Anayetazama ruzuku pekee ataandika katika taarifa yake kwamba skuli hizo zinagharamiwa kwa usawa. Anayepeleka mshahara wa kila mwalimu katika skuli anakofundisha ataona jambo jingine kabisa.

Nchi zenye uwezo mkubwa nazo zilichelewa kulitambua hili. Marekani, ambako serikali ya shirikisho imekusanya hesabu za fedha za skuli kwa miongo mingi, ilizoea kutoa takwimu kwa majimbo na kwa wilaya za skuli. Ni sheria ya mwaka 2015 iliyozitaka taarifa za kila mwaka kuonyesha matumizi kwa mwanafunzi katika kila skuli, kwa kutumia mishahara halisi ya watumishi badala ya wastani. Wastani wa wilaya ulikuwa ukificha kwamba walimu wazoefu na wenye mishahara mikubwa hukusanyika katika baadhi ya skuli. Huko Ikungi kinachofichwa na wastani ni upungufu wenyewe wa walimu katika kata za mbali, lakini kanuni ni moja.

Vitabu navyo vina kisa chao. Shilingi 4,000 zilizobakizwa juu kwa kila mtoto ni shilingi 2,400,000 kwa skuli yetu ya wanafunzi 600. Skuli haizioni fedha hizo. Inapaswa kuona vitabu. Vitabu vikifika huandikwa katika leja ya vifaa kwa idadi, bila ya bei. Visipofika, hakuna daftari la skuli linaloonyesha pengo, kwa kuwa hapakuwa na fedha zilizotarajiwa kuingia. Kwa maneno mengine, sehemu ya ruzuku iliyo kubwa kwa thamani ya kitu kimoja ndiyo iliyo ngumu kufuatiliwa na kamati ya skuli.

Sasa tuifikie hesabu ya tatu. Katika vijiji vingi vya mikoa ya kati wazazi hutoa mahindi au mtama na maharage ili watoto wapate uji au chakula cha mchana, hulipa mpishi na mlinzi, huchota maji na mchanga, hufyatua tofali, na hujenga kuta za madarasa hadi kufikia kupaua. Kuta hizo, zinazojulikana kwa jina la maboma, huikuta Serikali njiani ikija kumalizia kwa bati na sakafu. Tuchukulie kaya 400, kila moja ikitoa debe mbili za mahindi kwa mwaka, na debe likiwa na bei ya shilingi 15,000. Hizo ni shilingi 12,000,000, zaidi ya mara tatu ya ruzuku inayokwenda skuli. Na bado hapajahesabiwa tofali hata moja.

Kwa nini hayaandikwi? Sababu moja ni kwamba hayaji kwa fedha taslimu, na wahasibu wamezoea fedha. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tangu mwaka 2016 michango ya lazima ilikatazwa, na Januari 2018 Rais John Magufuli alilisisitiza katazo hilo kwa ukali. Nia ilikuwa njema, yaani mtoto wa maskini asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini katazo likikutana na hitaji ambalo halijaondoka, mchango haukomi. Hukoma kuandikwa tu. Mwalimu mkuu anayehofia kuulizwa hataandika debe la mahindi katika daftari, na mkusanyaji wa takwimu akija ataambiwa kwamba hakuna mchango wowote. Hapo taifa huamini kwamba elimu imekuwa bure kabisa, na mzazi wa kijijini, aliyeuza kuku ili apate debe, hushangaa ni elimu ipi inayozungumzwa redioni. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika takwimu za fedha za elimu, na unawaumiza wale wasio na kuku wa kuuza. Fomu ya takwimu inapaswa kuuliza juu ya michango bila ya kumtia hatiani anayejibu, la sivyo majibu yatakuwa ya kumridhisha mkubwa.

Mashirika ya kimataifa yalilitambua pengo hili. Kati ya mwaka 2013 na 2016, UNESCO ilishirikiana na nchi nane, Uganda ikiwamo, kujaribu kuandaa hesabu za taifa za elimu zinazojumuisha Serikali, wafadhili na kaya kwa pamoja. Lengo linalojulikana zaidi, lililokubaliwa Incheon mwaka 2015, huzitaka serikali kutenga asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma kwa elimu. Hilo hupima mfuko wa Serikali tu. Nchi inaweza kuukaribia mstari huo huku wazazi wakibeba mzigo usioonekana, na nyingine ikawa chini ya mstari huo kwa sababu wazazi wake wanabeba zaidi.

BEI INAYOJULIKANA NA WOTE

Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, ambao ndani yake mlikuwa na ujenzi wa madarasa 15,000 Tanzania Bara, 12,000 ya sekondari na 3,000 katika vituo shikizi vya skuli za msingi. Darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Tarakimu hiyo ilitajwa redioni, mikutanoni na vijiweni, hata ikawa kila mwananchi anaijua. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na kila anayekusanya takwimu. Mzee wa kijiji ambaye hajawahi kufungua daftari la hesabu aliweza kuhesabu madarasa mawili, akajua kwamba zimekuja milioni 40, na akauliza saruji iko wapi. Hakuna uchunguzi wa kitaalamu ambao ungeweza kufika kila kijiji kwa wepesi huo. Ruzuku haina sifa hiyo. Wazazi wachache sana wanajua kwamba kila mtoto wao ana shilingi 6,000, na bila ya kujua kiwango, tangazo la mapato lililobandikwa ukutani ni tarakimu tu.

Fedha peke yake pia hazielezi elimu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2013 na 2014 katika skuli 350 za wilaya kumi za Tanzania Bara, kwa usimamizi wa Twaweza, ulipeleka ruzuku ya nyongeza ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi moja kwa moja skuli. Skuli zilizopata ruzuku pekee hazikuonyesha maendeleo ya kusoma na kuhesabu kuliko nyingine. Zilizopata ruzuku pamoja na motisha kwa walimu ndizo zilizoendelea. Kwa hiyo daftari la fedha lisomwe pamoja na mahudhurio ya walimu na matokeo ya watoto. Kwa muda mrefu takwimu za wanafunzi na madawati zimekusanywa kwa fomu zake na za fedha kwa njia nyingine, na mara chache zimewekwa mezani pamoja.

Kwa Visiwani, ambako elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na ambako michango ya wazazi katika skuli za msingi ilifutwa mwaka 2015, mjumbe wa kamati ya skuli anaweza kuyafanyia kazi haya bila ya kungoja mtaalamu. Katika mkutano ujao aombe kusomewa idadi ya wanafunzi iliyopelekwa wizarani na tarehe yake, kisha ailinganishe na rejista ya siku hiyo. Aulize fedha na vifaa vilivyoahidiwa, na vilivyopokelewa kwa tarehe. Aombe orodha ya walimu waliopo kazini, si waliopangwa. Na katika daftari la skuli ufunguliwe ukurasa mmoja wa vitu vilivyotolewa na wazazi, kila kimoja kwa idadi yake na bei ya sokoni ya siku hiyo, ikiwa ni mkeka, ndoo ya rangi, mfuko wa saruji au siku moja ya kazi ya fundi. Asiyetoa asiandikwe jina; kinachohesabiwa ni kitu, si mtu. Ukurasa huo utiwe saini na mwenyekiti wa kamati pamoja na mwalimu mkuu kila mwisho wa muhula, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, chini ya ile ya ruzuku.